Kupima Ardhi na Kupima Maji: Kitenzi Kimoja, Kazi Nne

Mtu yeyote aliyepata kufasiri taarifa ya wataalamu wa miamba, madini au maji atakubaliana nasi kwamba kitenzi kupima hujitokeza karibu katika kila ukurasa. Ardhi hupimwa, miamba hupimwa, dhahabu hupimwa, kisima hupimwa, na maji yake pia hupimwa. Kitenzi hiki ni cha zamani na kinaeleweka na kila mtu. Hata hivyo, wepesi wake ndio unaotutia mashaka, kwa kuwa kimebebeshwa kazi ambazo wataalamu wenyewe huzitenga. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa kufuata historia ya uchunguzi wa serikali mbalimbali katika nchi yetu, kwamba kazi hizo ni nne, na kwamba kuzichanganya kwaweza kumletea mwananchi madhara.

Kazi ya kwanza ni kutambua. Mwaka 1881 Sayyid Barghash wa Unguja, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, alitaka kujua ukweli wa habari kwamba kulikuwa na makaa ya mawe katika bonde la Mto Ruvuma. Zama hizo zilikuwa za meli za moshi, na mtawala mwenye makaa yake mwenyewe asingelazimika kuyaagiza kutoka ng'ambo. Alimwajiri Joseph Thomson, Mskoti mwenye umri wa miaka 23, ambaye alikuwa amerejea karibuni kutoka katika safari ya maziwa makuu. Thomson alifika huko na akayaona mawe yenyewe. Hayakuwa makaa ya mawe, bali mwamba wa tabaka za udongo ulioshindiliwa, wenye mafuta ndani yake. Jiwe la namna hiyo ni jeusi na laweza kushika moto, lakini halifai kuendeshea meli. Habari hizo hazikumfurahisha Sultani.

Hatusemi kwamba lugha ndiyo iliyompotosha Sayyid Barghash. Tunalosema ni kwamba mambo mawili yalikuwa yamechanganywa: kuonekana kwa kitu na kutambuliwa kwake. Watu walikuwa wameona jiwe jeusi linaloungua, na hilo lilikuwa kweli. Lililobaki lilikuwa kuamua ni jiwe gani. Katika hatua hiyo hakuna uzito wala urefu unaopimwa, hivyo mfasiri anayeandika kwamba "makaa yalipimwa" amekwisha kumwambia msomaji kwamba makaa yapo. Kwa kazi hii neno utambuzi latosha.

Kazi ya pili ni kuchunguza eneo zima kwa utaratibu na kulichorea ramani. Baada ya Wajerumani kuitwaa sehemu kubwa ya bara, ofisa wao wa migodi, Wilhelm Bornhardt, alisafiri nchini kati ya mwaka 1895 na 1897, na matokeo ya safari zake yalichapishwa mwaka 1900. Yeye hakutumwa kuthibitisha uvumi wa mahali pamoja tu. Alieleza sura ya nchi, aina za miamba na mpangilio wake, pamoja na makaa ya mawe ya kweli yaliyo upande wa Ziwa Nyasa. Hivyo kusini kulikuwa na makaa, ila si pale yalipotarajiwa na Sultani. Mgodi wa Kiwira, uliofunguliwa mwaka 1988, umo katika sehemu hizo za Ziwa Nyasa.

Chini ya Waingereza kazi hiyo ilipata idara yake. Idara ya Uchunguzi wa Jiolojia ya Tanganyika iliundwa mwaka 1925, na makao yake yakawa Dodoma. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Edmund Teale. Uganda ilikuwa imetangulia kwa miaka michache; idara yake ilianza mwaka 1919 chini ya E. J. Wayland. Kule Dodoma nchi iligawanywa katika miraba ya ramani, kila mraba ukiwa robo ya digrii kwa kila upande, na kila karatasi ikichorwa kwa kipimo cha 1:125,000. Mtaalamu alitembea kwa miguu pamoja na wapagazi, akavunja vipande vya miamba kwa nyundo, akaandika mahali alipovitoa, kisha vipande hivyo vikasagwa hadi vikawa vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga, ili vitazamwe kwa hadubini.

Yafaa ikumbukwe kwamba ramani ya namna hiyo haimwahidi mtu mali. Huonyesha mwamba upi uko wapi, na kwa hiyo ni wapi pafaapo kutafutwa nini. Ndiyo sababu twapendekeza uchunguzi wa jiolojia kwa kazi ya kuikagua nchi, na utafutaji wa madini kwa kazi ya mwenye leseni anayekwenda mahali maalumu kutafuta kitu maalumu. Idara ile ya Dodoma leo huitwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania. Jina hilo limezitaja kazi mbili waziwazi, nasi twaliona kuwa mfano mwema.

Kazi ya tatu ni kupima hasa, yaani kujua kiasi. Mfano mzuri twaupata katika maji. Mwaka 1935 Teale, pamoja na mhandisi Clement Gillman, walitoa ripoti juu ya usimamizi wa maji na kupangwa upya kwa bodi za maji katika Jimbo la Kaskazini. Gillman alikuwa amekuja nchini mwaka 1905 kujenga reli ya Wajerumani, akabaki chini ya Waingereza, na baadaye akawa mshauri wa serikali katika mambo ya maji. Jimbo hilo lilikuwa na ushindani mkubwa. Mitelemko ya Kilimanjaro ilikuwa imejaa mifereji ambayo Wachagga waliichimba tangu vizazi vingi, na ambayo wenyewe huiita mifongo. Chini yao walikuwapo walowezi wenye mashamba, waliohitaji maji ya mito ileile.

Hapo vipimo viwili vilikutana. Mhandisi alipima maji kwa futi za ujazo zinazopita kila sekunde. Watu wa mfongo waliyagawa kwa zamu: ukoo huu leo, ukoo ule kesho. Kila upande ulikuwa na kipimo chake, na kila kimoja kilikuwa sahihi kwa kazi yake. Lakini haki ya maji ikiandikwa katika karatasi za serikali kwa kipimo cha mhandisi peke yake, mwenye zamu hana neno la kudai haki yake. Kwa hiyo neno zamu halina budi kuingizwa katika istilahi za maji kama neno kamili, wala lisiachwe kama desturi ya wenyeji tu. Kuhusu kitenzi kupima, twashauri kibaki hapa, kwenye kiasi kinachoweza kutajwa kwa tarakimu. Kiasi kilichofichika chini ya ardhi, ambacho hakijafikiwa, kiitwe makadirio.

Kazi ya nne ni kuchunguza ubora, na hapa ndipo hatari ilipo kubwa zaidi. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka ishirini, uliokusudia kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400. Mpango kama huo huwafikia wananchi kwa barua, matangazo na mikutano, na yote hayo hufanywa kwa Kiswahili. Sasa mwanakijiji akiambiwa kwamba maji ya kisima "yamepimwa", aelewe nini? Pengine mtaalamu ametambua mahali pa kuchimba. Pengine wingi wa maji umepimwa kwa kuyavuta kwa pampu. Pengine maji yamepelekwa maabara. Sentensi ni moja na habari ni tatu.

Kandokando ya Mlima Meru tofauti hiyo si ya wanasarufi peke yao. Maji mengi ya huko hutoka katika miamba ya volkeno na yana floraidi nyingi. Huonekana safi, hayana harufu, na kisima chaweza kutoa maji tele. Hata hivyo meno ya watoto wanaoyanywa hugeuka rangi na kuwa ya kahawia, na floraidi ikizidi sana mifupa nayo hudhurika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kiwango cha muda kilichowekwa nchini mwaka 1974 kwa maji ya vijijini kiliruhusu hadi miligramu 8, na baadaye kikapunguzwa. Mama anayesikia kwamba maji "yamepimwa" hujaza ndoo yake kwa amani. Kumbe yawezekana kilichopimwa ni wingi wake tu.

Kwa kazi hii twapendekeza uchanganuzi wa maji, neno linaloonyesha kwamba vitu vilivyomo ndani vimetenganishwa na kujulikana. Twashauri pia neno kiwango litumike kwa mpaka uliowekwa na sheria, ili lisichanganywe na kipimo, ambacho tayari ni jina la chombo, la tendo na la matokeo.

Hatudai kwamba mapendekezo haya yamekamilika. Wataalamu wa maji na wa madini watayasahihisha, nao walimu watayajaribu madarasani. Tunaloomba kwa sasa ni dogo. Kila mfasiri anapokutana na tendo la kupima katika taarifa ya serikali, ajiulize kwanza: je, kitu kimetambuliwa, eneo limechunguzwa, kiasi kimepimwa, au ubora umechanganuliwa? Taarifa yenyewe isipotoa jibu, arudi kwa mtaalamu akamwulize kabla hajaandika. Sayyid Barghash aliweza kumtuma mtu Ruvuma akamletee jibu. Mwanakijiji hana wa kumtuma. Hutegemea neno tulilomwandikia.