Fumbo la Macho na Masikio: Kanuni ya 1930 na Usemi wa Sinema za Hollywood

Mwaka 1915 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sinema si usemi. Shauri lilitoka katika jimbo la Ohio, ambako kampuni ya kusambaza filamu iitwayo Mutual ilipinga baraza la wakaguzi kwa hoja kwamba uhuru wa kusema hulindwa na katiba. Mahakimu wakajibu kuwa maonyesho ya sinema ni biashara kama biashara nyingine zitafutazo faida, wala hayahesabiwi pamoja na magazeti. Hukumu hiyo ilisimama miaka 37, hata ilipotenguliwa mwaka 1952. Mwanafunzi wa lugha ana haki ya kuistaajabia, kwani katika miaka hiyo hiyo ambayo sheria ilisema kuwa sinema haina usemi, mafundi wa Hollywood walikuwa wakisema kwa kivuli, kwa mlio na kwa mkato wa filamu mambo ambayo vinywa vya waigizaji havikuruhusiwa kuyatamka.

Kwa kuwa sinema haikuwa na kinga, majimbo na miji mingi ya Marekani iliweka wakaguzi wake, kila mmoja na mkasi wake. Wenye studio, wakichelea serikali kuu isije ikaingilia kazi yao, walimwajiri Will Hays mwaka 1922 awe msemaji wao. Baada ya The Jazz Singer kuonyeshwa mwaka 1927 na sauti kuenea, matata yalizidi. Filamu bubu ikikatwa huweza kuungwa tena bila hasara kubwa. Lakini filamu ambayo sauti yake imo katika sahani ya santuri, kama zilivyokuwa nyingi za mwanzo, ikikatwa kipande kimoja tu, mdomo na neno haviendi tena pamoja. Basi ilikuwa nafuu kukubaliana mapema yasiyofaa kuliko kuyakata baadaye. Machi 31, 1930 studio zilikubali Kanuni iliyotungwa na Padre Daniel Lord, Mjesuti, pamoja na Martin Quigley, mchapishaji wa magazeti ya biashara ya sinema. Kanuni hiyo ilikataza, pamoja na mengine mengi, kuonyesha mauaji kwa namna ya kufundisha, mabusu ya tamaa yaliyopita kiasi, na uhalifu uvutao moyo wa mtazamaji. Kwa miaka minne ilidharauliwa. Ndipo Wakatoliki wakaanza kampeni ya kususia sinema chafu, na Julai 1934 Joseph Breen akapewa ofisi yenye meno: filamu isiyo na muhuri wake haikuruhusiwa katika majumba ya studio zilizoungana, na aliyekaidi alitozwa faini ya dola 25,000.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Breen ndiye aliyeifundisha Hollywood kusema kwa mafumbo. Ufundi wenyewe ulikuwapo. Katika Scarface ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1932, mauaji ya kwanza hayaonekani ila kwa kivuli cha mtu ukutani, apigaye mluzi kabla ya bunduki kulia. Baadaye jambazi mmoja, aliyeigizwa na Boris Karloff, anapigwa risasi akicheza mchezo wa kuangusha vigingi kwa tufe. Mtu haonekani akianguka. Vinaonekana vigingi vikianguka, na kimoja kilichobaki kikizunguka na kusitasita kabla ya kulala. Mwaka huo huo Ernst Lubitsch, aliyekuja kutoka Berlin tangu enzi ya filamu bubu, alitengeneza Trouble in Paradise. Mnamo mwendo wa jioni nzima mtazamaji anaonyeshwa nyuso za saa tu, mishale ikisogea, na sauti za mwanamume na mwanamke zikisikika kutoka mahali asipopaona. Hakuna neno baya linalotamkwa, wala hakuna mtu mzima asiyeelewa. Mkaguzi naye alielewa: Kanuni ilipopata nguvu, filamu hiyo ilinyimwa ruhusa ya kuonyeshwa upya.

Kwa hiyo lililobadilika mwaka 1934 si ufundi wenyewe bali ulazima wake. Kanali Jason Joy, aliyesimamia Kanuni kabla ya Breen, alikuwa amekwisha kushauri kwamba jambo gumu lielezwe kwa namna ambayo mtu mzoefu atalitambua, na yule asiye na uzoefu atalipita bila kuona kitu. Waswahili wana methali yao juu ya jambo hilo: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Tofauti ni kwamba huku mfumbaji na mkaguzi walikaa meza moja, wakipatana ni unene gani wa pazia utakaotosha.

Mapatano hayo yaliacha maandishi, na mengine yana thamani kubwa kwa yeyote aijuaye sarufi. Mfano ulio bora ni wa Casablanca, iliyoongozwa na Michael Curtiz mwaka 1942. Ilsa, mke wa mtu, anakuja usiku chumbani kwa Rick, mpenzi wake wa zamani, wanakumbatiana, kisha hadithi inaendelea. Katika maandishi ya kwanza picha ilikuwa ifie gizani hapo. Ofisi ya Breen iliandika kutaka badala yake picha hiyo iyeyukie katika picha ifuatayo, na chumba kisionyeshe dalili yoyote ya kitanda wala kochi. Shauri lenyewe linataka kufikiriwa. Katika desturi ya Hollywood ya siku zile, picha iliyofia gizani ilikuwa kama mwisho wa sura ya kitabu: saa nyingi zimepita, pengine usiku mzima. Picha iliyoyeyukia katika nyingine ilikuwa kama kiungo cha “kisha” au “baada ya kitambo”. Wazee wa ofisi walikuwa wakibishana na studio juu ya kiunganishi tu, kwa kuwa walijua kwamba dhambi yote ilikaa humo. Curtiz alitii. Picha ya wapenzi inayeyuka, unaonekana mnara wa kiwanja cha ndege na taa yake ikizunguka gizani, nao mnara unayeyuka, na Rick amesimama dirishani. Ni sekunde chache. Watazamaji tangu siku ile wamegawanyika juu ya kilichotokea wakati taa ile ikizunguka, na filamu haimsaidii yeyote kati yao. Utiifu huo ulizaa utata ambao uasi usingeuzaa.

Alfred Hitchcock alikwenda njia iliyo kinyume. Katika Notorious ya mwaka 1946 alitakiwa asionyeshe busu refu. Basi Cary Grant na Ingrid Bergman wanabusiana kidogo, wanaacha, wanazungumza habari ya kuku wa chakula cha jioni, wanabusiana tena, wanatembea wameshikana hadi kwenye simu, wanasema na kubusiana huku simu ikiwa mkononi. Kila busu ni fupi. Mandhari yote inapita dakika mbili. Siri ya mandhari hiyo ni kwamba filamu haikatwi. Kamera inawaandama karibu sana, na mtazamaji, aliyezoea kuondolewa kwa mkato jambo linapokuwa la faragha, hapati pa kutokea. Casablanca ilisema kwa kiungo. Notorious ilisema kwa kukosa kiungo.

Double Indemnity yaonyesha jinsi sauti ilivyoweza kubeba mzigo ambao jicho lilikatazwa. Kisa cha James Cain, cha wakala wa bima na mwanamke wanaomwua mume ili wapate fedha za bima, kilikuwa kimekataliwa na ofisi ya Breen mwaka 1935. Billy Wilder alikitengeneza miaka kadhaa baadaye pamoja na Raymond Chandler, na filamu ikatoka mwaka 1944. Kanuni ilitaka mwovu aadhibiwe, basi wao wakaanza na adhabu: wakala Neff anaingia ofisini usiku akiwa na jeraha la risasi na kuanza kuungama mbele ya chombo cha kunasa sauti. Tangu hapo kila linaloonekana limekwisha kupita, na sauti yake ni ya mtu ajuaye kwamba amekosa fedha na mwanamke pia. Mpigapicha John Seitz aliijaza nyumba ya mwanamke huyo giza la mchana. Mwanga unapita katika vibao vyembamba vya dirisha na kuanguka mwilini mwa Neff kama vyuma vya gereza, muda mrefu kabla hajatenda kosa lolote.

Mauaji yenyewe yanafanyika garini. Mwanamke anaendesha, mume yuko kando yake, Neff amejificha nyuma. Gari linaingia njia yenye giza, honi inalia mara tatu, ndiyo ishara. Kisha kamera inakaa juu ya uso wa mwanamke na haiondoki. Mtazamaji anasikia kukurukakara na sauti ya mtu akabwaye, lakini anachokiona ni uso wa Barbara Stanwyck tu, ukitazama barabara. Kama Kanuni isingalikuwapo, pengine mikono ya muuaji ingalionyeshwa, na filamu ingalikuwa ni habari ya mauaji. Kwa kuwa haikuonyeshwa, ikawa ni habari ya mwanamke huyu na kile kinachopita machoni pake, jambo ambalo ni baya zaidi.

Hapa yafaa kutoa tahadhari. Kivuli hakikuwa mara zote mtoto wa sheria. Mara nyingine kilikuwa mtoto wa umaskini. Cat People ya Jacques Tourneur, ya mwaka 1942, ilitengenezwa na Val Lewton kwa fedha chache. Mwanamke anatembea usiku kando ya ukuta, na nyuma yake visigino vya mwanamke mwingine vinasikika. Halafu visigino vinanyamaza, na ukimya huo unatisha kuliko nyayo. Ghafla kunatoka mlio mkali kama wa chui: ni breki za basi linalosimama. Breen hakuhusika na hilo.

Wala sifa za fumbo zisifiche hasara. Kanuni ilikataza pia kuonyesha mapenzi kati ya weupe na weusi, na roho ya kifungu hicho ilienea kuliko maneno yake. Ilipotengenezwa The Good Earth, hadithi ya wakulima wa China iliyotoka mwaka 1937, Anna May Wong, mwigizaji mashuhuri wa Kimarekani mwenye asili ya Kichina, hakupewa sehemu ya mke. Mume aliigizwa na Paul Muni, mzungu aliyepakwa rangi, na mke akawa Luise Rainer, mzungu vilevile. Kwa busu ilipatikana hila ya kamera. Kwa Anna May Wong haikutafutwa hila yoyote. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 1956, na Kanuni yote ikaachwa mwaka 1968.

Filamu za zamani nazo zilipitiwa upya na mkasi. Frankenstein ya James Whale, ya mwaka 1931, ina mandhari ambamo jitu lililoundwa, Boris Karloff tena, linakutana na mtoto wa kike kando ya ziwa. Wanatupa maua majini na kuyatazama yakielea. Maua yakiisha, jitu linamtupa mtoto, likidhani naye ataelea. Wakaguzi wakaliona tendo hilo kuwa la kikatili mno, na katika nakala zilizorudishwa baada ya Kanuni kupata nguvu filamu ilikatwa pale jitu linaponyosha mikono kumshika. Maneno ya mwanachuoni Frankenstein, ajilinganishaye na Mungu, yalifunikwa kwa ngurumo ya radi. Kwa miaka mingi, basi, watazamaji waliona mikono ikinyoshwa, kisha baba akipita na maiti katikati ya sherehe ya kijiji ambayo kelele zake zinazimika kadiri anavyopita. Katikati palikuwa na pengo, na kila mmoja alilijaza kwa ubaya aliokuwa nao moyoni. Kipande kilirudishwa katika miaka ya 1980. Mtoto anaanguka majini; jitu, ambalo dakika moja kabla lilikuwa likicheka, linaona kwamba haelei, linapapasa maji, na kukimbia likiwa limeshikwa na hofu.