Jiwe Ndani ya Kisanduku

Mzee wangu alikojoa damu miezi kadhaa bila kumwambia mtu. Mkojo ulipokataa kabisa kutoka, ndipo akakubali kwenda hospitali. Jiwe la kibofu. Siku lilipotolewa, daktari aliuliza kama tungependa kuliona. Mzee akageukia ukuta.

Nililala kitini kando yake, simu mkononi, nikakutana na stori ya Samuel Pepys.

Pepys alikuwa karani London, na maumivu ya jiwe yalikuwa yamemwandama tangu utotoni. Tarehe 26 Machi 1658, akiwa na miaka 25, alisema liwalo na liwe. Enzi hizo mgonjwa alifungwa kwa vitambaa, wanaume wenye nguvu wakamshika, kisha mpasuaji akakata chini ya korodani. Nusukaputi ya etha ingekuja 1846. Habari za viini hakuna aliyezijua, kwa hivyo wengi walikufa baada ya kisu, si chini yake. Mpasuaji wake, Thomas Hollier, alitoa jiwe lililosemekana kuwa kubwa kama mpira wa tenisi. Imagine hiyo, bila ganzi!

Pepys alipona. Kusema ukweli, kilichonigusa ni alichofanya baadaye. Hakuona aibu. Alipoanza shajara yake maarufu mwaka 1660, aliandika mapema kabisa kwamba hayasikii tena yale maumivu ya zamani, ila akipatwa na baridi. Kila Machi 26 alitaka kula na marafiki kwa shukrani. Jiwe lenyewe alilitengenezea kisanduku.

Mwaka 1669 rafiki yake John Evelyn alimpeleka kwa kakake, Richard, aliyeteswa na jiwe lakini akiogopa kisu. Pepys akalibeba lake: ona, mimi niko hai. Hata hivyo Richard hakuweza kujikaza. Alifariki 1670.

Sidhani Pepys alipoteza safari. Mtu mwenye ugonjwa wa huko chini hudhani yuko peke yake duniani, na ule upweke humchelewesha kuliko hata woga.

Asubuhi nilimsimulia Mzee. Alicheka mpaka akashika mshono.

"Yaani alitembea nalo? Mjini?"

"Ndio, Mzee."

Akanyamaza kidogo, akitazama mlango.

"Hebu muulize daktari," akasema. "Langu wameshalitupa?"