Kisima, Mashine na Kadi: Umiliki wa Maji Wajir

Kaunti ya Wajir haina mto wa kudumu. Maji ya Ewaso Nyiro, yanayotoka magharibi, hupotelea kwenye kinamasi cha Lorian karibu na Habaswein, na mwaka wa ukame hayafiki hata huko. Uhai wa watu na mifugo umetegemea visima, na mji wa Wajir wenyewe ulikua juu ya mwamba wa chokaa ambao maji yake hayako mbali na uso wa ardhi. Masimulizi ya Wasomali yanasema waliotoboa mwamba huo ni Wamadanle, watu majitu walioishi hapo kabla ya koo za leo kufika. Simulizi hiyo iliwafaa wengi: ikiwa wachimbaji wamekwisha kutoweka, kila aliyekuja baadaye aliweza kudai urithi.

Kumiliki kisima hakukuwa sawa na kumiliki ngamia. Ngamia hupigwa chapa, huuzwa, hutolewa mahari au diya, yaani fidia ya damu. Kisima kilishikwa kwa kazi. Kwa Waborana, waliokuwa na nguvu katika eneo hilo karne ya 19, aliyekianzisha au kukifukua kisima aliitwa konfi, na haki yake ilirithiwa na wanawe. Zamu za kunywesha zilisimamiwa na mtu mwingine, abba herrega, ili mwenye kisima asiwe pia mgawaji wa foleni. Kwa Wasomali, haki ilikuwa ya ukoo au jamaa waliochimba. Kwa wote wawili kazi haikuisha siku ya kuyaona maji: mchanga ulijaa chini na kuzolewa kwa ndoo, kuta ziliporomoka, na mahori ya udongo yaliyobomolewa na kwato yalikandikwa upya. Aliyejitenga na kazi hiyo msimu baada ya msimu alijikuta mwisho wa zamu. Fikihi ya Kiislamu nayo iliweka mpaka: maji ya kisimani yanayozidi haja ya mwenyewe hayafai kunyimwa mwenye kiu wala mnyama wake, lakini yakishatiwa chomboni ni mali ya aliyeyateka.

Waingereza walifungua kituo chao Wajir karibu na mwaka 1912, na haki ikaanza kuhama kutoka mikononi mwa wachimbaji kwenda kwenye daftari la ofisa wa wilaya. Koo zilipangiwa malisho na visima. Waliovuka mpaka walitozwa faini ya mifugo. Sheria ya Wilaya Maalum ya 1934 iliipa serikali uwezo wa kuzuia mienendo ya watu na kuadhibu ukoo mzima. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 Waborana walisukumwa kutoka Wajir kuelekea Isiolo, wakaviacha visima ambavyo kwa desturi yao havikuweza kupotea namna hiyo.

Hata hivyo, kilichobadilisha mambo zaidi ni mashine. Katika miaka ya 1970 serikali huru, kwa msaada wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, iligawa malisho ya Kaskazini Mashariki katika vitalu na kuchimba mabwawa na visima virefu. Kisima cha mashine hufuata maji zaidi ya mita 100 chini, na huko ndoo na mikono haifiki. Langoni karani huhesabu wanyama: ngamia hulipiwa zaidi ya mbuzi. Fedha hununua dizeli na vipuri na kumlipa mwendeshaji. Pampu ikikwama, wafugaji mia wenye nguvu zao hawana la kufanya ila kumngoja fundi. Ukoo unaweza kukiita kisima hicho chetu, lakini uwezo wa kukifufua umeshautoka.

Sheria ilikwenda upande huohuo. Sheria ya Maji ya 2002 iliyaweka maji yote mikononi mwa dola. Ile ya 2016 inayataja kuwa amana inayoshikwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Mfugaji akawa mtumiaji mwenye haki ya kuhudumiwa, jambo ambalo Katiba ya 2010 inalithibitisha.

Baada ya pampu na sheria ikaja kadi. Mashine za maji za kulipia kwa kadi zilianza kujulikana Nairobi mwaka 2015, zilipowekwa katika mtaa wa Mathare. Kaunti za kaskazini nazo zilipata za aina hiyo. Kadi isiyo na salio haifungui bomba, na hakuna karani wa kuombwa mkopo hadi mbuzi auzwe sokoni.

Vifaa vya sola vya kulipia kidogokidogo, vilivyoenezwa Kenya na kampuni ya M-KOPA tangu 2012, hufanana na kadi hiyo kwa juu tu. Taa huzimwa kutoka mbali malipo yakikatika, ila mteja akimaliza awamu zote kifaa huwa chake. Malipo ya maji hayana awamu ya mwisho. Hata hivyo, si kila tone hulipiwa: mjini Wajir, visima vifupi vya nyumbani vingali vinatumika, ingawa maji yake yana chumvi na huchafuliwa na vyoo vilivyo karibu. Wenye navyo huteka bila kumlipa mtu, na maji safi ya kunywa hununua kwa mtungi kutoka kwa mkokoteni wa punda.