Machungwa ya Tongoni na Asili ya Ngalawa

Kwamba ngalawa tuliletewa na Waarabu ni madai yanayorudiwa mno, na sioni sababu ya kuendelea kuyavumilia. Vyombo vya Uarabuni na Ghuba havina matengo, yale maboya ya pembeni yanayozuia chombo kupinduka. Tanga la pembe tatu huenda tulilipata kwa majirani hao, matengo, hapana.

Chanzo ambacho ningependa watu wa Tanga wakisome upya ni shajara ya safari ya kwanza ya Vasco da Gama, iliyochapwa kwa mara ya kwanza Porto mwaka 1838. Aprili 1498, kabla ya mapambazuko, merikebu São Rafael ilikwama mwambani karibu na Tongoni. Milima ya Usambara iliyoonekana kwa mbali Wareno wakaipa jina la merikebu hiyo. Maji yalipokupwa, mitumbwi miwili iliwaendea, mmoja umejaa machungwa ambayo mwandishi anayasifu kuwa mazuri kuliko ya Ureno. Januari 1499, wakiwa njiani kurudi kwao, waliichoma São Rafael hapohapo kwa kukosa mabaharia wa kutosha, na wenyeji wakaja kubadilishana nao kuku kwa mashati na bangili.

Mzalendo wa pwani angetamani mitumbwi ile iwe ngalawa. Shajara haisemi hivyo. Na mwandishi wake alikuwa na jicho la vyombo: alipofika Msumbiji alieleza vizuri majahazi yaliyoshonwa kwa kamba bila misumari. Periplasi, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki karne ya 1, nayo inataja vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo kwenye kisiwa cha Menouthias, bila neno juu ya matengo. Kimya si ushahidi kwamba hayakuwepo, lakini hakituruhusu kuyachora tutakavyo.

Ndiyo maana nampa nafasi mtafiti wa vyombo vya bahari James Hornell, aliyeandika katika jarida la Man mwaka 1919. Aliona kwamba matengo mawili ya pwani yetu yana undugu na yale ya Indonesia. Madagaska, ambako lugha yenyewe ilitoka Borneo, mtumbwi huwa na tengo upande mmoja. Comoro huonekana aina zote mbili. Mwaka 2016 mwanaakiolojia Alison Crowther na wenzake walichapisha matokeo yanayomtia nguvu: mpunga na choroko za Asia zimejaa katika makazi ya kale ya Comoro, huku bara na visiwa vya karibu vikitawaliwa na nafaka za Kiafrika. Mimi nasadiki kwamba matengo yalitufikia kupitia Comoro, yakitokea kusini.

Yalipofika, mafundi wetu waliyafanya yao. Itazame ngalawa iliyopandishwa mchangani Kigombe: gogo moja la mwembe, miti miwili iliyokatiza juu yake, na ncha zake zimebeba mbao bapa, zilizofungwa mshazari ili zikate maji badala ya kuyasukuma.

Mbio zake zimezaliwa na samaki. Ngalawa hutoka na umande, hurudi na upepo wa bahari, na anayetangulia kufika mnadani hupata bei nzuri. Katika mashindano, nahodha hushika usukani, mwenzake hukalia mti wa matengo upande upepo unakotoka. Kugeuza ndiyo kazi: foromali lazima izungushwe mlingotini, na ushindi mara nyingi hupotea hapo.

Tamasha la filamu la ZIFF la Zanzibar limewahi kuwa na mbio za ngalawa. Wageni nao wana Kraken Cup, iliyoanza kwa jina la Ngalawa Cup, ya kuvuka visiwa kwa siku kadhaa. Hiyo ni utalii na sitaijadili. Ninachowaomba waandaaji wa Tanga ni hiki: miembe minene inaadimika, basi ngalawa za gogo zishindane peke yake, na zawadi inapotolewa, aitwe fundi aliyechonga pamoja na nahodha.