Sabuni Inayoliwa na Maji

Maji ya kisima chetu hapa kambini ni magumu: sabuni inakatikakatika, povu halitoki, sufuria inashika ukoko mweupe. Watu wanasema sabuni ya mgao ni mbovu. Mimi nasema tuanze na maji.

Mwaka 1841, Thomas Clark, profesa wa kemia kule Aberdeen, Uskoti, alipata hataza ya kulainisha maji kwa chokaa. Ajabu ni kwamba chokaa ile ilitoa chokaa nyingine iliyokuwa imeyeyuka majini. Zote zikatuama chini, juu yakabaki maji laini. Na ugumu wa maji aliupima kwa sabuni: kiasi gani kinaisha kabla povu halijasimama?

Swali hilo ni letu pia. Viwango vya Sphere vinataja gramu 250 za sabuni ya kuogea na 200 za kufulia, kwa mtu, kwa mwezi. Ila gramu hizo hazifiki mbali sawasawa kila kisimani. Basi ndugu wagawaji, kabla ya kupima sabuni, pimeni maji. Nasi nyumbani, tutie magadi kidogo kwenye maji ya kufulia na kuoshea vifaa, yatuame, tuchote ya juu. Ya kunywa tusitie.