Mkao wa maiti na shinikizo la damu

Mtu hulala chali sakafuni, miguu imeachana kidogo, viganja vya mikono vikielekea juu. Hufumba macho, akalegeza kiungo kimoja baada ya kingine na kufuatilia pumzi zake. Hatikisiki, wala hasinzii. Kwa lugha ya Kisanskriti mkao huu wa yoga huitwa shavasana, maana yake mkao wa maiti.

Asili yake ni India. Katika karne ya 15, Svatmarama, mtunzi wa kitabu cha Hatha Yoga Pradipika, aliuhesabu miongoni mwa mikao ya yoga na kuusifu kwamba huondoa uchovu na kuituliza akili.

Hakudai kwamba unatibu shinikizo la damu, na wala asingeweza. Kipimo cha kufunga mpira mkononi kilibuniwa na daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896.

Kutoka mkekani hadi kliniki

Mwaka 1969 daktari wa moyo K. K. Datey na wenzake, katika mji wa Bombay ambao sasa ni Mumbai, walichapisha matokeo ya kuwafundisha mkao huo wagonjwa 47 wa shinikizo la damu. Wengi walipata nafuu, na baadhi yao waliweza kupunguziwa dawa.

Nchini Uingereza, Daktari Chandra Patel aliliendeleza suala hilo. Mwaka 1975, katika jarida la Lancet, yeye na mwenzake walieleza jinsi walivyowagawa wagonjwa 34 kwa bahati nasibu. Kundi moja lilifundishwa utulivu wa yoga kwa muda wa wiki sita, likisaidiwa na mashine ya kumjulisha mgonjwa hali ya mwili wake. Kundi la pili lilipumzika tu.

Wastani wa shinikizo katika kundi la kwanza ulishuka kutoka 168 kwa 100 hadi 141 kwa 84. Katika kundi la pili ulishuka kutoka 169 kwa 101 hadi 160 kwa 96. Kundi hilo nalo lilipofundishwa, shinikizo lake likashuka kama la wenzao.

Tahadhari

Hata hivyo, wagonjwa hao walikuwa wachache, na mashine zilitumika pamoja na yoga. Si rahisi kusema ni kipi hasa kilicholeta nafuu.

Hatari iko hapo. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Anayeinuka mkekani akijihisi mwepesi huenda akadhani amepona, akaacha vidonge, na kiharusi kikamkuta bila kutarajia. Wagonjwa wa Bombay waliopunguziwa dawa walikuwa chini ya uangalizi wa madaktari waliowapima.

Svatmarama aliahidi pumziko, na ahadi hiyo ingali inatimia. Kuhusu dawa, mwenye kauli ni daktari na kipimo chake.