Aliyezidiwa na heroini au dawa za usingizi: Pumzi kwanza, dawa baadaye

MTU aliyezidiwa na heroini hafi kwa kishindo. Hulala, akakoroma, pumzi zikapungua polepole hadi zikakatika. Wapita njia humdhania mlevi, wakasema, "Mwacheni alale." Kumbe mkoromo huo ni dalili kwamba njia ya hewa inaziba.

Heroini, ambayo watumiaji huiita unga, ni ya jamii ya afyuni. Katika jamii hiyo zimo pia dawa halali za hospitalini kama vile morfini, kodeini, tramadoli na methadoni. Zote hutuliza maumivu, lakini zikipita kiasi hudhoofisha sehemu ya ubongo inayoongoza upumuaji. Kundi la pili ni dawa za usingizi na za kutuliza, zikiwemo diazepamu, fenobabitali wanayopewa wenye kifafa, na tembe ambazo mitaani huitwa bugizi.

Dalili kuu za kuzidiwa na afyuni ni tatu: kupoteza fahamu, kupumua chini ya mara 12 kwa dakika, na mboni za macho kusinyaa mithili ya ncha ya sindano. Midomo na kucha huweza kugeuka rangi ya kijivu au samawati. Aliyezidiwa na dawa za usingizi aghalabu mboni zake huwa za kawaida, naye huwa mzito wa ulimi na huyumbayumba kabla ya kuzimia. Hatari huzidi maradufu makundi haya mawili yanapochanganywa, au yanapoongezwa pombe.

Mgonjwa afikapo hospitalini, wahudumu hufungua njia ya hewa na kumsaidia kupumua kwa mfuko na barakoa ya oksijeni. Ndipo hufuata naloksoni, dawa inayoondoa nguvu za afyuni. Mtu mzima huweza kuanzishwa kwa miligramu 0.4, kisha arudiwe kila baada ya dakika 2 au 3. Kwa mraibu huanzwa na kiasi kidogo zaidi, kwani shabaha ni apumue vyema, si aruke kitandani akitapika na kupambana kwa arosto.

Naloksoni haizimui dawa za usingizi. Hata hivyo, haimdhuru aliyezitumia, hivyo panapokuwa na shaka hutolewa. Dawa ya kuzimua diazepamu, flumazenili, haitolewi kiholela kwa sababu huweza kuzusha degedege. Tiba kuu hapo ni kulinda pumzi.

Daktari pia hupima sukari, na hukagua iwapo pana malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo au jeraha la kichwa. Si kila mraibu aliyezimia amezidiwa na dawa.

Kosa linaloua kimyakimya ni kumruhusu mgonjwa aende nyumbani mara tu azindukapo. Naloksoni hufanya kazi kwa dakika 30 hadi 90, ilhali methadoni huweza kudumu mwilini kwa zaidi ya saa 24. Dawa ya kuokoa ikiisha nguvu, sumu hurudi kumzamisha. Hana budi kuwekwa chini ya uangalizi.

Anayestahili kuchungwa zaidi ni aliyetoka gerezani au kwenye kituo cha kurekebishia tabia. Mwili wake umesahau dawa, na kipimo alichokizoea zamani sasa chaweza kumuua.

Mwaka 2014, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba jamaa na marafiki wa watumiaji wapewe naloksoni na kufundishwa kuitumia. Asiye nayo bado anaweza kuokoa maisha. Mwite na kumtikisa mgonjwa. Asipoitika, ita usaidizi. Inua kidevu chake, na kama hapumui vyema, mpulizie pumzi mdomoni. Akipumua, mlaze ubavu na usimwache peke yake. Usimmwagie maji baridi wala kumnywesha maziwa au chumvi.

Mwisho, mweleze daktari ukweli kuhusu alichotumia, na ukiweza, mpelekee pakiti. Aibu ya familia hupoa; pumzi ikikatika hairudi.